Nati ya Tatu

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Magoti yanamsumbua asubuhi tu; ikifika mchana anayasahau na kuanza kutusumbua sisi. Paa la jikoni limezibwa, sasa tunapika bila kumwagiwa maji kisogoni. Baba hajambo.

Shangazi, kazi imechomoka mezani.

Nakuandikia wewe kwa sababu utaelewa. Nilipomwambia mama hivyo, aliniuliza kama nimefukuzwa. Kazi yenyewe ilikuwa sahani ya chuma ya kukalia pampu, nzito, tuliinyanyua watu wawili kuipandisha kwenye meza ya mashine ya milingi, ile yenye kisu kinachozunguka na kuchonga chuma. Niliiwekea klampu nne, kila moja na bolti yake iliyoingia kwenye mfereji wa meza, kama ulivyonionyesha. Nikawasha. Kisu kilipogusa chuma kiliguna, guno ambalo sijawahi kulisikia, na kabla mkono wangu haujafika kwenye swichi sahani iligeuka, ikanyanyuka, ikaondoka. Chuma kile kiliruka, shangazi! Kitu kilichotutoa jasho watu wawili kilipita hewani kama kofia iliyopeperushwa na upepo.

Mchomeleaji wetu, yule tunayemwita Cheche, alikuwa ameinama upande wa pili anavaa glavu. Ilimpiga bega la kushoto ikaendelea na safari yake mpaka ukutani. Bega limevunjika. Yuko hospitali. Mlio wa mfupa ule niliusikia juu ya mlio wa mashine, na bado naendelea kuusikia nikiwa natafuna.

Kinachonichanganya ni hiki. Spana ilikuwa ukutani. Unajua maana yake, na karakana nzima inajua kwa sababu niliwaambukiza alama yako: spana ikiwa juu ya bolti, kazi haijakazwa, mtu asiguse swichi; spana ikiwa kwenye msumari wake, tayari. Nilipowasha, ilikuwa kwenye msumari. Niliiona kwa macho haya haya.

Bosi amenitoa kwenye mashine, siku hizi ananipigisha tupa kwenye kona, nalainisha kingo za vyuma kwa mkono. Cheche akitoka hospitali tutakaa kikao, nieleze mbele ya wote ilikuwaje. Nitaeleza nini? Simu ya ofisini siwezi kuitumia kwa jambo hili, wana masikio. Niandikie. Niambie nilikosea wapi.

Mwanao


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisomea getini kwa mlinzi, nimesimama. Nilipofika kwenye neno "bega" nilikalia kiti cha mlinzi bila kuomba, naye akabaki amesimama ananitazama kama nimemvua viatu. Nikaisoma tena. Nikaisoma mara nyingine nikitumaini nimekosea kusoma. Mtu mzima mimi, nimefunga vyuma mezani tangu wewe hujaota meno, lakini niliifuata mistari kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Huku nipo. Mguu mmoja unauma na mwingine unauhurumia. Kiwandani wamenipa mashine mpya yenye vitaa vingi, inanikonyeza siku nzima, nami sijui imekusudia nini. Mwambie mama yako dawa ya magoti ni kukaa, ingawa najua hatakaa.

Sasa nijibu, na usinijibu kama unayejibu polisi. Mkia wa klampu ulikalia kitu cha kimo gani? Ukiwa chini kuliko kazi, pua ya klampu inashika hewa badala ya chuma. Bolti ulizisogeza karibu na kazi, au uliziacha karibu na mkia, nguvu yote ikaenda kukandamiza kisichohitaji kukandamizwa? Meza uliifagia? Punje moja tu ya chuma ikibaki chini, kazi inacheza kama meza ya mgahawa mbovu. Nawe ulipomaliza kukaza, ulifanya nini?

Nina swali jingine, na hili ndilo lililonikosesha raha. Nani alikuwa karibu na mashine yako siku ile? Umenieleza habari za bega, za ukuta, hata za paa la jikoni. Baba yako umempa maneno mawili. Kaka yangu namjua, hajawahi kuwa na siku ya maneno mawili. Akivunjikiwa sindano ya cherehani tu mtaa mzima unapata taarifa.

Mpe pole Cheche, simjui lakini naumia naye.

Shangazi yako


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa na sina kisingizio, kalamu ninayo. Mama anasema amekaa, kisha anasema hayo akiwa amesimama. Cheche amefanyiwa upasuaji, wamemwekea chuma begani. Nilipokwenda kumwona akaniambia sasa amekuwa kazi ya karakana, tumweke kwenye meza tumsafishe kingo. Nilicheka mpaka nikalia, naye akalazimika kunibembeleza, yeye mgonjwa!

Maswali yako. Mkia wa kila klampu niliuinua kidogo kuliko kazi, pua ndiyo iliyokandamiza. Bolti zilikuwa karibu na kazi. Meza niliifagia na nikapitisha kiganja, hakukuwa hata na unyoya wa chuma. Klampu mbili tulizikuta bado zimeng'ata meza, zimepinda lakini zimeng'ata. Mbili za upande wa pili ndizo zilizoachia, nati zake ziko nusu bolti, unazizungusha kwa kidole.

Nilikuwa nakaza nati ya tatu Bosi aliponiita ofisini kusaini mzigo. Niliacha spana juu ya bolti. Niliporudi ilikuwa ukutani. Basi labda sikuiacha juu ya bolti, labda nimesahau, mtu akishtuka kichwa kinajitungia mambo. Hakuna aliyegusa. Naomba usiniulize tena hilo.

Nyumbani hali ni mbaya kuliko karakanani. Tulikuwa mezani, baba akaweka kijiko chini akasema, "Chagua. Nyumba hii au mashine ile." Nikadhani anatania. Baba yangu mimi, aliyenipandisha mabegani kupiga rangi dari! Akasema, "Chuma kile kilichompata mwenzako kitarudi kukutafuta. Mimi sitasubiri uletwe hapa umefunikwa shuka." Tayari ameipaka mafuta cherehani ya pili dukani kwake na kuweka mto juu ya kiti. Na wewe alikutaja pia. Amesema uliyenitoa kwenye kitambaa ukanipeleka kwenye chuma ni wewe, na hiyo ndiyo sababu ya kutokuandikia miaka yote hii, na sasa ameonyeshwa kwamba alikuwa na haki.

Simjibu. Hali chakula, shangazi. Tangu alipoiona damu ya Cheche pale chini hajamaliza sahani hata moja. Nikifungua mdomo kujitetea naufunga. Nikiendelea hivi nitaishia kwenye ule mto.

Mwanao


3 Aprili

Wewe mtoto,

Leo sina salamu, utanisamehe. Alipoiona? Aliionaje? Damu ya Cheche ilimwagika karakanani, na kaka yangu aliapa mbele yangu kwamba mguu wake hautakanyaga mahali pale mpaka anakufa. Umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe na hukujua umeandika nini.

Alikuwepo.

Nimezunguka chumba hiki kama kuku aliyepoteza mlango. Sikuhitaji uniambie zaidi. Nimelala chumba kimoja na mtu huyo utoto wetu wote. Siku ya harusi yake, bibi arusi yuko njiani, yeye alikuwa mlangoni anapanga viatu vya wageni, vya kike upande huu, vya kiume upande ule. Mkasi ukikaa mezani dukani kwake kwa muda wa kukohoa, ameshautundika. Mtu huyo akiona spana imeachwa juu ya bolti, imekaa upande, haina mwenyewe! Mkono wake ungemwasha kama moto asipoigusa.

Mungu wangu. Nilicheka, mwanangu, nisamehe, nilicheka peke yangu kisha nikajishika mdomo. Kisha nikalia kwa sababu nimeelewa unachofanya. Unakula matusi yake kila siku ili asijue.

Sasa nisikilize, maana nitakuwa mkali. Nilikufundisha vitu viwili, wewe ukabaki na kimoja. Spana inakwambia umefikia wapi. Mkono ndio unaokwambia nati imekaza. Kabla ya swichi unapita, nati moja moja, unaigusa kwa spana na kuisikia imegoma. Hata kama umeikaza mwenyewe sasa hivi. Hata kama amekaza malaika. Hukupita. Baba yako alitundika spana, lakini aliyewasha bila kugusa ni wewe. Kwa hiyo kwenye kikao sema hivi: "Sikugusa nati." Ni kweli na inatosha. Hakuna haja ya kumtaja mtu.

Na yeye usimwambie. Atakufa kwa hilo, si kwa mfano, atakufa kweli. Mimi simwandikii, wala simtafuti. Hayo ni mengine.

Shangazi


30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mama mzima, lakini hana habari nyingine zaidi ya hii ninayokuletea, na sisi wote tumebaki midomo wazi.

Ni kama ulivyosema. Alikuja siku ile. Nilitoka ofisini nikamkuta amesimama kando ya mashine yangu, anajifuta mikono kwa leso, ananiambia, "Nilikuwa napita." Shangazi, hapiti mtu karakanani kwetu, njia inaishia pale! Moyo ulinipanda. Baba yangu amekuja kuniona nikifanya kazi. Nikatazama ukutani, spana ipo, nikawasha. Nilitaka aone. Hiyo ndiyo sababu sikupita kwenye nati, na nimeona aibu kuisema hata kwako. Jioni yake ndipo niliposogea ukutani nikakuta spana zote zimepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, kama mikasi yake dukani. Nilizichanganya haraka kabla mwingine hajaziona.

Kikao kilifanyika katikati ya mashine. Cheche amekaa kwenye kiti cha Bosi, mkono umefungwa kifuani. Nikasema, "Sikugusa nati. Niliona spana ukutani nikaamini." Cheche akasema, "Nimesikia." Bosi alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo mlango uliposukumwa.

Baba. Amevaa tai, na tepu ya kupimia bado iko shingoni, amesahau kuivua. Akasema, "Bosi, nimekuja kuomba umfukuze kazi binti yangu."

Nilidhani sijasikia vizuri. Bosi naye alimtaka arudie, akarudia. Bosi akamwambia, "Mzee, wazazi huja hapa kuwaombea watoto kazi. Wewe ni wa kwanza." Baba akasema, "Mfukuze nipate usingizi. Mahali hapa si pa mtu. Hata mpangilio hamna! Siku ile naingia, nakuta spana imetelekezwa juu ya bolti kama haina mwenyewe. Mimi, mgeni, ndiye niliyeitundika mahali pake!"

Alisema kwa fahari, shangazi, kifua mbele.

Mkerezaji, fundi wa kuchonga vyuma vya duara, alizima mashine yake. Mtu wa kupaka rangi alisimama na brashi inadondosha rangi kwenye kiatu, hakuhisi. Wote wanaijua alama ile. Nilitamani sakafu inifunike. Bosi alimtazama baba, akanitazama mimi, akatazama chini. Baba akaona nyuso zile. Yeye ni mtu wa kusoma nyuso, mteja akisema suruali imemkaa vizuri anajua kama anasema kweli. Akauliza, "Nimesema nini?" Akauliza tena, taratibu, "Kwani spana ile ilikuwa inafanya nini pale?"

Cheche ndiye aliyejibu. Mtu mwenye chuma ndani ya bega! Akasema, "Ilikuwa imesahauliwa tu, mzee. Hawa wenzangu wachafu sana."

Baba akamtazama kama anavyomtazama mteja anayesifu suruali. Akasema ahsante, akatoka.

Bosi ameamua nirudi kwenye mashine, ila kila nati ikaguliwe na mtu wa pili kabla ya swichi. Cheche mwenyewe ndiye aliyesema nirudi. Sijarudi. Asubuhi iliyofuata tulikuta cherehani zote mbili zimefunikwa na baba hayupo. Amechukua begi dogo, amemwambia mama anakwenda kuuliza kitu. Wapi, kwa nani, hakusema. Hajatuma neno mpaka leo. Nikipiga tupa nasikia kila mlango unaofunguka. Nitashikaje mashine nisipojua baba yangu yuko wapi?

Mwanao


16 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tulia, tia maji kooni. Yuko hapa.

Barua yako na baba yako vilifika siku moja, baba yako akitangulia. Nilikuwa naanika nguo uani nikasikia hodi ninayoijua kuliko jina langu. Nikajiambia masikio yamezeeka. Nikafungua, na kaka yangu amesimama mlangoni na begi, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Miaka yote ile! Nilidhani atanitukana au atanikumbatia, nikajiandaa kwa yote mawili. Hakufanya lolote. Hata salamu hakutoa. Akasema, "Wewe hujawahi kunidanganya. Spana ile ilikuwa inafanya nini pale?"

Nilikukataza kumwambia, najua. Nimeandika kwa wino kabisa kwamba atakufa. Lakini alisafiri mbali hivyo kwa swali moja, akalileta kwa mtu asiyetaka kumwona, kwa sababu alijua nitasema. Sikuweza kumficha. Nilimwambia.

Hakuelewa kwa maneno. Nikamwombea ruhusa kiwandani, nikaweka bamba mezani, nikalifunga klampu nne, nikakaza mbili na mbili nikaacha. Nikamwambia shika. Akashika nati ya kwanza, imegoma. Ya pili, imegoma. Ya tatu akaizungusha kwa kidole kimoja, nayo ikazunguka, ikazunguka. Aliendelea kuizungusha mpaka ikatoka ikaanguka mkononi mwake. Wafanyakazi wenzangu walidhani ni mgonjwa. Alikaa chini sakafuni na tai yake, akalia mbele za watu, na mimi sijawahi kumwona kaka yangu analia, hata siku tulipowazika wazazi.

Akasema, "Amekula na mimi meza moja miezi yote hii. Namtukana, ananyamaza. Na mimi nikaenda kumfukuzisha."

Nilimweleza kwamba kosa ni lako, hukugusa nati, na ni kweli, silirudishi neno langu. Akasema, "Lake ni lake, langu ni langu. Tusigawane." Hajafa, kama unavyoona. Nilikosea. Nimeshtuka zaidi kwa hilo kuliko kwa yote.

Sasa rudi kwenye mashine. Ni maneno yake, si yangu, amesimama nyuma yangu kuhakikisha naandika hivyo hivyo. Amesema urudi kesho, usimsubiri yeye, na ile cherehani ya pili mama yako aiuze.

Yeye harudi kwanza. Anasema hawezi kumtazama Cheche mikono mitupu. Amenunua kitambaa, ameazima cherehani kwa jirani yangu, amekaa sebuleni kwangu anashona shati ambalo sijawahi kuona jingine kama hilo, linafunguka juu ya bega kwa vifungo, kwa mtu asiyeweza kuinua mkono. Ananifokea nisiguse vipande vyake. Unajua kwamba mtu akipita mbele yake mara moja, vipimo ameshavichukua kwa jicho. Nikamuuliza atamalizaje shati la mtu aliye mbali hivyo. Akasema bega la kushoto analo, halijatoka machoni mwake tangu siku ile. La kulia hakuliangalia. Kwa hiyo chukua tepu uende kwa Cheche, umpime bega hilo lililo zima, ututumie.

Shangazi yako